Nasikia, Sista

Kwenye duka letu la udobi kila mtu alimwita Mstari, hata mkewe. Jina lilitokana na suruali. Suruali ikitoka mezani kwake ilikuwa na mstari mmoja mbele na mmoja nyuma, umenyooka kiasi kwamba wateja walisema wanaogopa kukaa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa maneno machache, na alipiga pasi akiwa amesimama tangu asubuhi mpaka duka linafungwa. Kiti alikuwa hakitaki. Alisema mtu akipiga pasi amekaa, nguo inajua.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka. Meza mbili ndefu zimetandikwa mablanketi ya zamani, juu yake mashuka yenye alama za hudhurungi pale pasi ilipowahi kusahauliwa. Uani alikuwako mfuaji na makarai yake. Mbele alikaa tajiri wetu, mama mfupi mwenye sauti inayofika barabarani. Mimi nilikuwa meza ya pili, mkabala na Mstari. Pasi ya umeme ilikuwepo, lakini umeme ulikuwa na tabia ya kukatika kazi inapokolea, kwa hiyo tuliishi na pasi za mkaa.

Joto la humo ndani hulijui mpaka uingie. Sote tulivaa ndala. Mstari peke yake alivaa viatu vya kufunga kamba, na soksi mbili mbili.

"Mstari," mfuaji alikuwa akimtania, "hiyo miguu unaficha nini? Ina vidole sita?"

"Ina mke mwenye wivu," alijibu bila kuinua macho. "Hataki ionekane na watu."

Tulicheka, yakaisha. Jambo lingine kuhusu yeye hatukulicheka sana. Mchana, duka likipoa, aliweza kusimama ghafla na pasi hewani, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Mnasikia?"

"Nini?"

Alisubiri kidogo. "Basi," alisema, na pasi ikashuka.

Kwa muda mrefu nilidhani ni masikio tu ya mtu anayezeeka. Baadaye nilijua alichokuwa anakisikia. Alikuwa anamsikia mama yake.

Mama yake alikuwa na ukoma. Aliugua zamani, wakati watu walikuwa bado wanawajengea wagonjwa vyumba vya peke yao nyuma ya nyumba, na Mstari, mwanawe wa mwisho, ndiye aliyekuwa anampelekea chakula na maji. Vidonda vya miguu vilimsumbua mama. Alipelekwa hospitali, akaambiwa, "Tunafungua tuone tu." Alirudi hana vidole viwili. Akapelekwa tena, tuone tu, akarudi hana nusu ya mguu. Mara ya mwisho waliona mpaka chini ya goti. Baada ya hapo alitembea kwa makalio, mikono imeshika vibao viwili, na sakafu ya chumba chake ikawa inasema ko, ko, ko, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Alifariki Mstari akiwa kijana. Sauti ilibaki.

Mstari mwenyewe aliupata ugonjwa ule ujanani. Alimeza vidonge mwaka mzima, akaambiwa amepona, na ni kweli alipona. Hakumwambia mtu, isipokuwa mkewe. Nasi kazini hatukujua lolote.

Kidonda kilianza chini ya mguu wa kushoto, pale penye sugu nyuma ya kidole gumba. Aliyekigundua ni mkewe, ambaye mimi namwita shemeji. Alikuwa amepiga deki, akageuka, akaona sakafu safi ina madoa mekundu yamepangana kutoka mlangoni mpaka mezani, doa moja kila hatua mbili. Mstari alikuwa amekaa anakunywa chai.

"Umekanyaga nini?"

"Kitu tu. Nilisikia, nikapuuza."

Shemeji alikitazama kile kidonda, akamwambia kesho yake hakuna kazi, ni hospitali. Walibishana, na kwa mke yule kubishana ni kupoteza muda.

Yaliyotokea hospitali siku ile alinihadithia shemeji, huku akiigiza sauti zote. Foleni ilikuwa imefika nje. Sista wa vidonda, mama mnene mwenye mikono myepesi, alisafisha kidonda akauliza kama mgonjwa ana sukari au ugonjwa wowote wa zamani. Mstari akasema hana. Shemeji alifungua mdomo. Mumewe alimtazama kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo, akaufunga.

Kila mwenye kidonda cha mguu hapo hupimwa kama ngozi ina fahamu. Sista akamwambia alale, afumbe macho. Akachukua ncha ya kalamu, akagusa wayo.

"Unasikia?"

"Nasikia, Sista."

Akagusa penginepo. "Na hapa?"

"Nasikia."

Kila alipogusa alijibiwa, wala hakujibiwa pasipo kuguswa. Sista akaridhika. Mguu una fahamu, kidonda ni cha kawaida, apumzike, asafishe, arudi kikizidi. Mstari alitoka pale anatembea kama mtu aliyeachiwa huru mahakamani.

Alichojibu kilikuwa kweli tupu. Nyayo zake zilikuwa kavu na ngumu kama ngozi ya kiatu, na ncha ya kalamu ilipoparuza ilitoa sauti. Sista aliuliza la ngozi, yeye akajibu la masikio. Baadaye aliapa kwamba hakukusudia kumdanganya mtu. "Aliniuliza nasikia, nami nilikuwa nasikia," alisema. Sijui. Shemeji anasema kama angeulizwa kwa neno lingine angetafuta njia nyingine. Mimi naona mtu aliyezoea kutega sikio maisha yake yote, ukimfumbisha macho atafanya nini kingine?

Alirudi kazini. Alisimama vile vile. Wiki zikapita, mguu ukaanza kuvimba, mpaka asubuhi moja kiatu kikakataa. Akaja na ndala, kitambaa kimezungushwa mguuni, soksi juu yake. Mfuaji alitaka kutania, alipouona uso wake akaghairi, akarudi kwenye makarai.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Tulikuwa na sare za shule nzima, na pasi zilikuwa zimejaa mkaa. Mstari alifungua pasi yake, akapuliza, akaifunga, akaendelea. Haikuchukua muda tukasikia harufu.

"Nguo inaungua!" tajiri alipiga kelele kutoka mbele. "Nani anaunguza nguo ya mtu?"

Tukainua pasi wote wawili. Nilitazama chini ya yangu, shati lilikuwa zima. Mstari alitazama chini ya yake, sketi ilikuwa nzima. Aliinua sketi, akainua shuka, akainua blanketi, ananusa. Tajiri alikuja akaanza kupekua zilizokunjwa. Harufu iliongezeka na ilibadilika, ikawa si ya nguo. Mstari alikuwa bado anapekua pamoja nasi, anatafuta kwa bidii, pua juu, na hapo ndipo nilipoona moshi mwembamba unapanda kutoka chini ya meza yake.

Niliinama. Kaa la moto lilikuwa limekaa juu ya mguu wake, limeshatoboa soksi na kitambaa, limejichimbia.

"Kaka, mguu!"

Aliangalia chini. Hakuruka, wala hakupiga kelele. Alilitazama lile kaa kama unavyotazama kitu kimeanguka kwenye mguu wa mtu mwingine. Nililipangusa kwa tambara lenye maji. Tajiri alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Nyumbani kwetu," Mstari alisema taratibu, "paka alilala kitandani kwa mama kwa ajili ya panya. Walikuwa wanamla vidole, naye hajui."

Kisha akakaa kwenye kiti.

Tajiri alifunga duka mchana ule ule. Mfuaji alikimbia kumwita shemeji, mimi nikamshika Mstari bega, tukaenda hospitali. Sista alimkumbuka.

"Lakini wewe, baba, uliniambia unasikia."

"Nilisikia, Sista. Kalamu yako ina sauti."

Yule mama alibaki na mkono hewani. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akavuta kiti karibu. "Mimi na wewe tumepotezana," alisema. "Sitakuuliza tena unasikia. Utafumba macho, na nikikugusa utanionyesha kwa kidole nilipogusa. Na hebu niambie vizuri sasa. Umewahi kuumwa nini?"

Shemeji alimshika mkono. "Ukoma," Mstari alisema mwishowe, kwa sauti ambayo nilikuwa simjui nayo. "Zamani. Mimi na mama."

Nilisubiri sista ashtuke. Hakushtuka hata kidogo. Alisema ugonjwa wenyewe ulishakufa siku nyingi, hauwezi kumrukia mtu, ila uliua mishipa ya fahamu kabla haujaondoka. Akapapasa chini ya goti kwa upande wa nje, akaupata mshipa, akanipa nami niuguse. Ulikuwa mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Akatoa uzi mgumu wa nailoni, akamgusa nao wayo mara nyingi, na Mstari, macho yamefumbwa, kidole kimenyooshwa, hakuonyesha hata mara moja. Kidole kilikaa hewani. Uzi ule haukuwa na sauti.

"Haya," alisema sista, "sasa hiki kidonda. Lala vizuri, tuone tu."

Aliposema hivyo Mstari aliteremka kitandani, akaokota ndala, akaelekea mlangoni kwa mguu wake ulioungua. Shemeji alikuwa ameshatangulia kuuziba mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nipishe."

"Utafika kwa mguu upi, bwana? Huu unaooza au ule unaoubeba huu?"

"Mama yangu walimwona hivyo hivyo. Walimwona mpaka akaisha."

Sista alikuwa amesikia maneno mengi katika kazi ile, ilionekana. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba hapo hakuna kisu, akafungua na makabati ili aangalie. Swali ni moja tu, alisema: je, uozo umefika kwenye mfupa au umeishia kwenye nyama? Ukiwa kwenye nyama, ni dawa na kupumzika. Ukiwa kwenye mfupa na tukikaa kimya, utapanda, na hapo ndipo watu wanapokatwa mguu mzima. Kujua si lazima kupasua. Kuna kijiti butu cha chuma, kuna picha, kuna damu ya kwenye mrija, na ikibidi kuna sindano.

"Hamkati?"

"Leo hatukati hata uzi."

Akarudi kitandani, lakini hakulala. Alikaa, akashika kingo za godoro.

Kijiti kile kilikuwa chembamba, kichwa chake kimeviringwa kisichome. Sista alikiingiza kwenye kidonda polepole sana, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Kilizama zaidi ya nilivyotarajia. Kisha kikagonga mfupa.

Ilikuwa sauti ndogo, kama sindano ya cherehani inapopiga kifungo. Chumba kizima tuliisikia.

"Umesiki..." Sista alijiuma ulimi.

"Nimesikia," Mstari alisema. Uso wake ulikuwa umelowa jasho ingawa hakuna kilichomuuma. "Na wewe umesikia, usinifiche. Sauti ile ya chumbani kwa mama, miaka yote nilidhani ni vibao."

Sista alikichomoa kijiti, akakiweka kwenye sahani ya bati, taratibu, kisigonge.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu mkubwa mwenye tabia ya kuanza sentensi na kuiacha. Aliiweka picha mbele ya mwanga, tukauona mguu wa Mstari bila Mstari. Ncha za mifupa ya vidole zilikuwa zimechongoka kama penseli. Hizo, alisema, zimeliwa kidogo kidogo kwa miaka, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Ni kazi ya ugonjwa wa zamani, haina haraka. Lakini nyuma ya kidole gumba palikuwa na kivuli, mfano wa nguo iliyotobolewa na mende. "Hapa sasa, ama ni kuliwa kule kule kwa zamani, ama ni vijidudu. Picha peke yake hai..."

"Haisemi," shemeji alimsaidia.

"Haisemi."

Damu waliyochukua waliisimamisha kwenye mrija, na ile sehemu nyekundu ilishuka upesi kuliko inavyotakiwa. Dalili mbaya, lakini nayo haikutosha. Kwa hiyo sindano: nyembamba, yenye uwazi kati, ipitishwe kwenye ngozi nzima kando ya kidonda mpaka kwenye mfupa, ivute chembe ndogo sana. Moja kwenye kivuli, na nyingine juu zaidi, kwenye mfupa unaoonekana mzima. Chembe zipelekwe maabara zikaoteshwe, ionekane kama zina vijidudu. Mstari alikubali baada ya kuiomba sindano aishike mwenyewe.

Kisha ikabaki kungoja. Alikaa nyumbani, mguu juu ya kigoda, na kila nikitoka kazini nilipitia kumwona. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, jua la jioni linaingia, shemeji anapika nje. Mstari alikuwa ananiuliza habari za suruali za watu kama mtu anayeuliza habari za ndugu. Halafu anainamisha kichwa upande, anasikiliza.

Siku moja aliniambia, "Unajua nilianzaje kushika pasi?"

"Sijui, kaka."

"Mama alipokatwa ile mara ya mwisho, alianza kulalamika mguu una baridi. Mguu ambao haupo. Miaka yote alipokuwa nao alikuwa hausikii, na sasa haupo ndiyo anausikia. Nifunike mguu, mwanangu. Nilifunika blanketi, anasema bado. Basi nikawa napasha kitambaa kwa pasi, nakiweka pale, kitandani, pasipo na kitu. Ndipo analala." Aliupangusa mguu wake kama unavyompangusa mtoto. "Alikuwa ananiuliza, mguu wangu wameupeleka wapi? Mpaka leo sijui wameuzika wapi. Labda hawajauzika."

Nilimsogezea mto.

Majibu yalipotoka tulikwenda wote watatu. Vijidudu viliota kwenye chembe ya kwanza. Ya pili, ya juu, ilikuwa safi kabisa. Daktari safari hii alimaliza sentensi zake. Alisema kuna kipande cha mfupa kimekufa, ukubwa wa kifungo cha koti, na kitoke. Kidole gumba kitapungua. Mguu unabaki, atatembea, atafanya kazi, ila akae kwenye kiti na avae kiatu cha kushonewa.

"Kipande hicho tu," Mstari alisema.

"Hicho tu."

"Mama yangu naye walimwambia hivyo."

Sista alikuwa amesimama nyuma. Ni yeye aliyejibu. "Mama yako walimkata ili waone, baba. Wewe tumeshakuona."

Mstari akaanza kufungua kifungo cha shati, ingawa hakuna aliyemwambia.

Mimi nilikaa kwenye benchi nje ya pazia. Shemeji aliruhusiwa kuingia, akae upande wa kichwani. Walimchoma ganzi kidogo kwa utaratibu wao tu, maana mguu wenyewe ulikuwa na ganzi ya miaka mingi. Mstari hakuomba dawa ya maumivu. Aliomba pamba ya masikio.

Wakampa. Mara nikasikia chuma kinakwaruza, na palepale sauti yake: "Toeni! Toeni pamba! Ndiyo mbaya zaidi, inakuja kwa ndani!"

"Tulia, baba, tunatoa," sista alisema. "Jamani, huyu anahitaji sauti nyingine. Nani ana redio?"

"Redio ya nini?" shemeji alisema. "Niko hapa."

Akaanza. "Hivi wewe mwanamume, nani alikutuma upake mlango wa choo rangi ya bluu? Nilikwambia kijani. Nilikwambia mara ngapi?"

"Kijani kilikwisha dukani," nilisikia Mstari akijibu kwa taabu.

"Kilikwisha! Na ule mwavuli wangu nao ulikwisha? Uliomwazima dada yako, tangu mvua zile, mpaka leo nalowa mimi? Na usiku unavyokoroma, ukiamshwa unasema si wewe. Ni nani basi, jirani?"

"Sikoromi."

"Daktari, usimsikilize, anakoroma. Anapiga suruali za mabwana wa watu mistari, zake mwenyewe anavaa zimekunjana kama karatasi ya karanga, watu wanasema mimi ndiye..."

Sista alicheka. Hata daktari alicheka. Shemeji aliendelea, mashtaka ya ndoa nzima, mengine nilikuwa najua si ya kweli, na chini ya sauti yake chuma kilikuwa kinafanya kazi yake. Kisha kitu kidogo kilianguka kwenye sahani ya bati.

Shemeji akakatika.

Niliangalia pazia. Ndani hakuna aliyesogea, au ndivyo nilivyodhani.

"Mbona umenyamaza?" Mstari alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Mke wangu. Usinyamaze."

Nilimsikia shemeji akivuta kamasi. Akakohoa. Akaanza upya, tangu kwenye mlango wa choo.